Redio ya chomboni isiwe pambo

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mtwara



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya redio ya mawasiliano katika vyombo vya matembezi baharini. Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza mwalimu wa jiografia au mhasibu wa halmashauri ana haja gani na mambo ya manahodha. Jibu langu ni fupi. Kila sikukuu, na kila mwisho wa juma upepo unapolegea, sisi hawa hawa ndio tunaochanga fedha, tukakodi boti, tukapakia watoto na masufuria ya pilau, tukaelekea Msangamkuu, Msimbati au Ruvula. Mvuvi wa Msimbati anayajua maji kwa urithi wa babu zake. Sisi tunajua majalada na madaftari ya mahudhurio. Kwa hiyo mwenye haja kubwa zaidi ya kifaa cha kuitia msaada ni sisi, wala si yeye.

Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu 11 waliotoka Mikindani kwenda Msimbati kwa boti ya injini moja. Boti ilikuwa na redio ya baharini, tena yenye kung'aa, na taa yake iliwaka tangu tulipong'oa nanga. Wakati wa kurudi, tukiwa tumekwisha kutoka nje ya Ghuba ya Mnazi, injini ilizimika kwa sababu ya maji katika petroli. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma. Katika redio tulisikia waziwazi vyombo viwili vikizungumza. Nikakamata kipaza sauti, nikaita. Hakuna aliyejibu. Nikaita tena na tena, na wale wenzetu wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hatupo. Wanawake wakaanza kulia, na mimi, nakiri, nikawalaani wale mabaharia kwa ugumu wa mioyo yao. Tuliokolewa jioni na wavuvi wa mashua walioona kanga iliyofungwa kwenye kasia.

Kesho yake fundi alibandua utepe mweusi uliozungushiwa vizuri kwenye kiungo cha waya, chini ya antena. Ndani yake shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Betri nayo ilikuwa imechoka. Wale niliowalaani hawakusikia hata neno langu moja.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililokuja kusema. Redio ya baharini inaweza kusikia vizuri huku haiwezi kabisa kusikika, na mwenye chombo asiyeijua tofauti hiyo anasafiri na pambo. Sababu yake si uchawi. Kupokea sauti kunahitaji umeme kidogo sana, chini ya nusu ampea. Kutuma sauti kwa nguvu kamili ya wati 25, ambayo ndiyo nguvu ya juu ya redio zinazofungwa chomboni, kunavuta kama ampea 5 au 6 kutoka katika betri ya volti 12. Betri dhaifu huwasha taa na kuleta sauti za wengine, lakini unapobonyeza kitufe ili useme volti zinaporomoka na sauti yako inafia mlingotini. Kiungo chenye kutu hufanya vivyo hivyo: mawimbi yenye nguvu ya meli kubwa hupenya, yako hayatoki.

Kwa hiyo matunzo yaanzie kwenye waya. Kila kiungo cha antena kifunguliwe angalau mara moja kabla ya msimu wa matembezi, kikaguliwe kwa macho, na kikionekana kijani au cheusi kikatwe na kuchomelewa upya kwa risasi. Baada ya hapo kifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kwa sababu utepe wa kawaida wa fundi umeme huachia kwa jua letu na kuficha maji ya chumvi badala ya kuyazuia. Utepe ule mzuri katika boti yetu ndio uliotudanganya. Vituo vya betri visafishwe na kupakwa grisi, fyuzi ya akiba iwe karibu, na betri ifungwe juu, mahali ambapo maji yakiingia chomboni hayataifikia mapema. Redio yenyewe ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi kila chombo kinaporudi pwani. Ikiwa ni redio ya mkononi, ichajiwe usiku wa kuamkia safari, na vile vipande vya chuma vinavyopokea chaji visuguliwe, maana chumvi hutanda juu yake kama utando mwembamba usioonekana.

Kisha ijaribiwe, na kujaribu ni kusema ukajibiwa. Kabla ya kung'oa nanga, ita chombo kingine au kituo cha bandari, uliza unasikikaje, tena kwa nguvu ndogo ya wati 1. Ukisikika kwa wati 1 ng'ambo ya bandari, una haki ya kuziamini wati 25. Jaribio hilo lisifanywe katika chaneli ya 16, ambayo ni ya wito na ya dharura duniani kote, katika masafa ya megahezi 156.8. Hapo tunasikiliza tu, na tukiita mtu tunahamia chaneli nyingine kuendelea na mazungumzo.

Wapo watakaosema kwamba simu ya mkononi imemaliza haja hii yote. Simu ni kitu chema, nami ninayo mfukoni. Lakini simu humwita mtu mmoja, tena yule tu ambaye namba yake unayo, na mara nyingi mtu huyo yuko nyumbani Shangani anaangalia televisheni. Aidha, ukikaribia mlango wa Ruvuma simu yaweza kushika mtandao wa Msumbiji au ikakosa mtandao kabisa. Redio ya baharini humwita kila aliye karibu kwa mara moja: mvuvi mwenye redio, boti ya wapiga mbizi, meli inayoingia bandarini Mtwara, bila kujuana kwa jina. Anayeweza kukuokoa ni aliye karibu, hata kama hujawahi kumwona.

Lakini karibu ni wapi? Mawimbi haya husafiri moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, hayapindi na mviringo wa dunia. Watu wawili walioketi katika boti wakiwa na redio za mkononi watasikilizana kiasi cha maili 4 za bahari, yaani kama kilomita 7. Antena iliyofungwa mita 4 juu ya maji ikiita meli yenye antena ya mita 25, umbali unakuwa maili 15 hivi. Mafundi wengi huuza nguvu. Mimi ningeshauri mnunue kimo kwanza. Na mwenye redio ya mkononi asimame kabla ya kuita, akiweza kusimama salama.

Sasa tuseme redio ni nzima na unasikika. Utasema nini? Nimesikia watu wakiita, "Jamani tunazama, njooni huku!" Huku wapi? Kama maisha yamo hatarini, neno ni "Mayday", hutamkwa meidei, mara tatu. Lilibuniwa miaka ya 1920 katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, kutokana na maneno ya Kifaransa ya kuomba msaada, na leo kila baharia analielewa. Fuatisha jina la chombo mara tatu, mahali ulipo, lililokupata, msaada unaoutaka, na idadi ya watu. Idadi isisahaulike, kwani mwokoaji asiyejua kwamba mlikuwa 11 ataondoka na 9 akidhani amemaliza kazi. Kama ni injini tu imezimika na hakuna hatari ya papo hapo, kama ilivyokuwa kwetu mwanzoni, neno ni "Pan-pan", nalo pia mara tatu.

Kuhusu mahali, kwa mvuvi sema kwa Kiswahili na kwa majina yetu: nje ya Ruvula, kusini mwa Msangamkuu. Nahodha wa meli ya kigeni hayajui majina hayo. Mpe digrii na dakika kutoka katika simu yako, ambayo huonyesha mahali hata pasipo mtandao. Mlango wa Ruvuma uko karibu na digrii 10 na nusu kusini mwa Ikweta, na dakika moja ya latitudo ni maili moja nzima ya bahari. Taja na saa. Mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki hupasuka jirani na Rasi Delgado, na tawi lake moja hupanda kaskazini kupitia pwani yetu hii. Chombo kilichozimika hakikai kinasubiri. Redio za kisasa zina kitufe chekundu kinachopeleka wito wa dharura chenyewe kupitia chaneli ya 70, pamoja na mahali ulipo, lakini pale tu zilipoingizwa namba ya utambulisho ya tarakimu 9 na kuunganishwa na kifaa cha kupokea setilaiti. Nyingi nilizoziona hazina hata kimoja.

Kosa jingine ni dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Mtoto hukalia kipaza sauti, kitufe kikabaki kimebonyea, na eneo zima likanyamazishwa. Niliwahi kusikia nusu saa nzima ya mashauri ya mahari katika chaneli ya 16, na tulicheka sana, mpaka nahodha mmoja mzee akauliza kama kuna aliyekuwa akizama wakati huo, angesikika vipi. Kipaza sauti kitundikwe mahali pake.

Na redio iwe wazi safari nzima. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Titanic ilipogonga barafu, meli ya Californian ilikuwa jirani, lakini mtumishi wake pekee wa redio alikuwa amefunga mitambo na kwenda kulala. Aliyefika kuokoa, Carpathia, alitoka mbali zaidi. Nasi Mtwara tunakumbuka Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotutahadharisha juu ya kimbunga Kenneth, kilichotua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25. Mwenye kuzima redio ili kuhifadhi betri anajizuilia taarifa za aina hiyo, na nimekwisha kueleza jinsi kusikiliza kunavyokula umeme kidogo.

Leseni ya redio hutolewa na TCRA, na usalama wa vyombo husimamiwa na TASAC. Anayekodisha boti aulizwe mambo hayo kabla ya kulipwa. Mimi huongeza swali la tatu: namwomba aite chombo kingine mbele yangu, nisikie akijibiwa.

Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanajaa, nitakuwa ufukweni Mikindani na fundi mmoja, kipimo cha volti na utepe wa kutosha. Mwenye redio aje nayo pamoja na waya wake wote, asiache antena nyumbani.