Umbo la Mufereji wa Maji

Mboga tunazouza kambini kwa watu wa kazi ya mukuba zinataka maji wakati wa kiangazi. Lakini wengi wetu tunachimba mufereji mupana sana. Maji yanakawia njiani, udongo unayanywa, na jirani wa chini anakosa. Ugomvi unazaliwa hapo.

Sababu ni hii: udongo unayazuia maji kila mahali yanapougusa, chini na kando zote mbili.

Tupime. Mufereji wa kwanza una upana wa santimetre 80, na maji yenye kina cha 10. Wa pili una upana wa 40, na kina cha 20. Nafasi ya maji ni sawasawa: santimetre 800 za mraba. Sasa hesabuni udongo unaoguswa. Wa kwanza: 80 na 10 na 10, ni 100. Wa pili: 40 na 20 na 20, ni 80. Gawanyeni: 800 kwa 100 ni 8, 800 kwa 80 ni 10. Muteremko ukiwa mumoja, mufereji wenye 10 unapitisha maji upesi zaidi.

Je, tuchimbe mwembamba sana? Upana 20, kina 40: udongo unaoguswa ni 100 tena! Basi shikeni hili: upana uwe kina mara mbili. Kando zilale kidogo, zisibomoke. Muteremko usizidi, maji yasikule udongo.

Kesho asubuhi leteni majembe na kamba ya kupimia. Tutaanza kwa jirani wa chini.