Gesi Katika Behewa la Kambi



Sisi wa gengi la Maungu twalala behewani na kupikia gesi ya mtungi. Mtungi ukae nje, wima, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini ya vitanda ikingojea cheche. Jiko la kuchomea nyama nalo liwashwe nje. Likiwa na regulata yake, lisiungwe na mpira wenye regulata nyingine, moto utafifia. Lakini bila regulata kabisa ni hatari. Kila kiungo kipakwe maji ya sabuni. Povu likitoka, fungeni mtungi. Msijaribu kwa kiberiti! Mpira uliopasuka tusiufunge kitambaa, tudai mpya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atulinde.