Kimya cha Sala na Kimya cha Woga

(Mada niliyoitoa mbele ya Wakristo wanaozungumza Kiswahili hapa Uingereza, Kwaresima ya 2026. Nimeiandika kama nilivyoisema.)

  

Kwanza kabisa nawashukuru wazee wetu kwa kunipa nafasi hii. Mimi si padre wala mwanateolojia. Ni nesi, nimesomea uuguzi mpaka digrii, nafanya kazi wodi ya wazee, na jana usiku nilikuwa zamu, kwa hiyo mkiniona napiga miayo mnivumilie. Nimeombwa niongelee maisha ya sala na haki ya jamii katika nyakati za misukosuko. Nitaongea kinesi: kwanza tumwangalie mgonjwa, halafu ndipo tuulizane dawa.

Mgonjwa ni sisi wenyewe. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025 jumuiya yetu imegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: tusali tu, siasa tuwaachie wenye siasa. La pili linasema: sala zimetosha, sasa vitendo. Nyote mnazikumbuka siku zile. Uchaguzi, maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam, na mtandao kuzimwa kwa siku kadhaa, ukipiga simu nyumbani haiiti. Mpaka leo idadi ya waliouawa inabishaniwa, na zipo familia zilizosema hazikupata hata maiti ya kuzika. Na sisi huku, badala ya kulia pamoja, tumekuwa hatusalimiani mlangoni mwa kanisa.

Ndugu zangu, naomba niwapeleke kidogo Algeria. Nawaahidi tutarudi nyumbani.

Kwenye milima karibu na mji wa Médéa, kusini mwa Algiers, palikuwa na monasteri ndogo ya Watrapisti mahali panapoitwa Tibhirine. Watrapisti ni watawa wa kimya. Huamka usiku kabla ya alfajiri kusali zaburi, hulima, hurudi kusali. Majirani zao wote walikuwa Waislamu. Walilima nao bustani kwa ushirika, na waliwapa sehemu ndani ya eneo la monasteri wasalie. Mkubwa wao alikuwa Padre Christian de Chergé. Alipokuwa askari kijana wa Kifaransa, wakati wa vita vya uhuru vya Algeria, Mwislamu mmoja aitwaye Mohamed alimkingia kifua asiuawe. Muda si mrefu Mohamed akakutwa ameuawa. Padre Christian hakulisahau deni hilo maisha yake yote.

Lakini mimi kama nesi ninayempenda zaidi ni Bruda Luc Dochier. Alikuwa daktari. Vita vya Pili vya Dunia alijitolea kwenda kambi ya wafungwa Ujerumani ili baba mwenye familia abaki nyumbani. Mwaka 1946 akafika Algeria, akafungua zahanati pale monasterini, na kwa miaka hamsini hivi alitibu watu bure, foleni ya akina mama na watoto kila asubuhi. Mwaka 1959 wapiganaji wa uhuru walimteka, kisha wakamwachia. Akarudi kwenye foleni yake.

Kisha zikaja siku mbaya. Januari 1992 jeshi lilifuta uchaguzi ambao chama cha Kiislamu kilikuwa kinaelekea kuushinda, nchi ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1993 kundi lenye silaha liliamuru wageni wote waondoke. Desemba mwaka huo wafanyakazi kumi na wawili kutoka Croatia walichinjwa kilomita chache tu kutoka monasterini. Siku kumi baadaye, mkesha wa Noeli, wapiganaji waligonga lango la watawa. Walitaka fedha, dawa, na daktari apande nao mlimani. Padre Christian alimwambia kiongozi wao kwamba nyumba hii ni ya amani, silaha haziingii humu, tuzungumze nje. Akakataa. Daktari ni mzee na mgonjwa, hatapanda mlimani. Aliyejeruhiwa aje zahanati kama watu wengine. Akamweleza pia kwamba usiku ule walikuwa wanajiandaa kwa sikukuu ya kuzaliwa Mfalme wa Amani. Yule mtu akaomba radhi, akaondoka.

Serikali ikataka kuwawekea wanajeshi wa kuwalinda. Hilo nalo wakalikataa. Angalieni hapo, wapendwa: walimkataza mwenye bunduki wa mlimani, wakamkatalia mwenye bunduki wa serikali, na mlango wa zahanati wakauacha wazi. Baadhi yao mwanzoni walitaka kuondoka, walikuwa binadamu. Walikaa, wakasali, wakajadiliana, wakawasikiliza majirani ambao hawakuwa na pasipoti ya kuwatoa pale. Mwisho waliamua kubaki. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 saba kati yao walitekwa. Mwezi Mei ikatangazwa wameuawa. Bruda Luc alikuwa na miaka 82. Nani hasa aliwaua, na kwa namna gani, bado kuna utata. Tarehe 8 Desemba 2018, mjini Oran, Kanisa liliwatangaza wenye heri.

Sasa, je, wale walikuwa kundi la "tusali tu" au kundi la "vitendo"? Mimi nimeshindwa kuwaweka upande wowote, na ndiyo maana nimewaleta kwenu.

Naomba niseme jambo la aibu yangu. Wodini kwetu kuna dada mwingine Mtanzania. Kaka yake ni polisi huko nyumbani. Siku zile mtandao umezimwa, na mimi sijui mdogo wangu yuko hai au la, niliacha kumsalimia. Nilimwona yeye ndiye risasi. Nilikuwa nasali rozari kwenye basi asubuhi, nikifika kazini nampita kama ukuta. Siku ya tano, kwenye saa tisa usiku, nilimkuta chumba cha dawa analia. Naye hakuwa na habari za kaka yake: kama amekufa, au kama ameua. Aliniambia, "Dada, sijui niombe lipi." Nilisimama pale na funguo mkononi, sina la kusema. Nikamshika mkono. Tukakaa kimya.

Katika kimya kile nilielewa kitu ambacho vitabu havikunifundisha. Kuna kimya cha woga na kuna kimya cha sala, na ukivitazama kwa nje vinafanana. Kimya cha woga kinafumba macho: sikuona, sikusikia, mimi nimekuja kutafuta maisha. Kimya cha sala kinafumbua macho. Wauguzi wenzangu mnajua, nesi anayekimbilia sindano kabla ya kumwangalia mgonjwa ataua. Sala ya kimya ni kuangalia kwanza: kumwona aliyepigwa risasi, kumwona mama yake, na hata kumwona aliyefyatua, bila kumpunguzia kosa lake.

Na baada ya kuangalia, utasema tu. Mfano mwingine, tena wa Algeria: Charles de Foucauld, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Alikwenda kuishi jangwani Béni Abbès mwaka 1901 ili asali. Akaona utumwa unaendelea chini ya bendera ya Ufaransa, nchi yake mwenyewe. Mwaka 1902 aliandika barua kuulaani, mpaka mkubwa wake wa Kanisa akamtaka apunguze. Na kwa fedha alizopata aliwakomboa watumwa kadhaa. Sala haikumfunga mdomo.

Kwa hiyo kwa ndugu zangu wa "tusali tu" nauliza: sala yenu imewaonyesha nani? Mwaweza kutaja jina la marehemu mmoja? Kama miezi yote hii hamjamwona mtu, basi huo ni woga uliovaa rozari. Na kwa wa "vitendo", ambao mimi nilikuwa mmojawapo, nauliza: tunadai haki, au tunatafuta wa kumchukia? Kutukana mtu ukiwa Reading au Leicester, tumbo limejaa, hakuhitaji ujasiri. Gharama wanalipa walioko Mwanza, Arusha na Dar.

Wapo watakaoniambia: wale watawa walibaki, wewe uliondoka, una haki gani ya kusema? Swali hilo huniamsha usingizini. Watrapisti huweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja. Mimi nilipanda ndege. Nadhiri ya mahali siwezi tena kuiweka, lakini naweza kuahidi kudumu na watu: nisichoke kuwauliza habari zao habari inapopoa magazetini.

Napendekeza mambo matatu. Moja, kila Ijumaa jioni ya Kwaresima hii tukutane nusu saa, kimya, bila hotuba, tukitaja tu majina ambayo familia zimeturuhusu kuyataja. Mbili, tuchange kwa ajili ya matibabu ya majeruhi tunaowafahamu, na risiti zisomwe mbele ya watu wote. Tatu, tuandike barua moja yenye majina yetu halisi, tukidai ukweli ujulikane, maiti zirudishwe kwa wenyewe, na waliohusika wafikishwe mahakamani. Anayeogopa kuweka jina, hasa mwenye wazazi huko, asilaumiwe. Aje Ijumaa.

Yule dada wa wodini amesema atakuja. Kaka yake alipatikana, yuko hai, na hataki kuzungumzia siku zile. Mdogo wangu naye yuko hai. Naomba atakapoingia mlangoni pale, mumsalimie.

Mungu ibariki Tanzania.