Adhabu ya Kifo ya Lazima: Sheria Inayomfunga Jaji Mikono



Hatukukutana hapa kutetea uuaji. Damu iliyomwagwa hudai haki, na familia iliyofiwa inastahili kuona mkosaji akiwajibishwa. Swali letu ni hili: je, ni haki sheria kumwekea Jaji hukumu moja tu kinywani, kabla hajapima hali ya aliye mbele yake?

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaagiza kwamba anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ahukumiwe kifo. Sheria imewaondoa katika adhabu hiyo mwanamke mjamzito na aliye chini ya umri wa miaka 18. Sasa tuwafikirie watu wawili. Mmoja ameua kwa kulipwa fedha. Mwingine ni mama aliyepigwa na mumewe kwa miaka mingi, hata usiku mmoja akashika shoka. Wote wakitiwa hatiani kwa kosa hilo, Jaji hawezi kuwatofautisha. Mateso ya mama yule, majuto yake na watoto anaowaacha havipunguzi chochote.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaona kuwa Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma.

Majirani zetu walishika njia nyingine. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ya Kenya mwaka 2017, hazikuifuta adhabu ya kifo. Ziliondoa ulazima wake kwa kosa la kuua, zikamrudishia Jaji uwezo wa kupima. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ulazima huo katika sheria ya Tanzania unavunja haki ya kuishi, ikaagiza uondolewe.

Wako wanaosema: tukilegeza, wauaji watazidi. Hoja hiyo tuiheshimu, kwa maana inatoka katika hofu ya kweli. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, ilhali hukumu zimeendelea kutolewa. Aliyehukumiwa hukaa miaka akisubiri kifo asichojua siku yake. Tena Jaji ni binadamu. Kosa lake laweza kusahihishwa mfungwa akiwa hai, si akiwa kaburini.

Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliirekebisha Katekisimu, ikafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hadhi ya mtu haipotei hata baada ya kutenda uovu mkubwa. Kaini mwenyewe, aliyemwua nduguye, aliadhibiwa. Lakini Mungu alimtia alama asije akauawa.

Basi twende na wajibu mara mbili: tumtembelee mfungwa, na tusimsahau mjane wa aliyeuawa. Haki isiyowaona wote wawili ni nusu ya haki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Je, makosa yenye jina moja yanastahili daima adhabu moja?
2. Familia iliyofiwa kijijini kwetu inahitaji nini zaidi ya hukumu?
3. Tumwambie nini Mbunge wetu kuhusu kifungu hiki?