Kisiwa cha Penang Kimetufunza Nini?



Watu husema viwanda hufuata mshahara mdogo tu. Basi tutazame Penang, huko Malaysia, kunakotengenezwa vipuri vya kompyuta. Mwaka 1972 serikali ilifungua Bayan Lepas, mahali pa viwanda pasipotozwa ushuru, karibu na uwanja wa ndege. Kampuni ya Intel ikaja mwaka ule ule. Mshahara mdogo uliwavuta, lakini ufundi ndio uliowakalisha. Mwaka 1989 serikali ya jimbo na makampuni walianzisha chuo kimoja kufundisha wafanya kazi wa viwanda vyote. Sisi wa reli twajua: gari haliendi kwa reli tupu, lataka fundi.

Lakini mwaka 1988 wenzetu hao waliruhusiwa vyama vya kiwanda kimoja kimoja tu. Kwa hiyo tudai vyote viwili, mafunzo na umoja.