Nani Atashika Pembe ya Godoro?

Neno letu la leo limo katika Injili ya Marko, sura ya pili, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Mlio na Biblia karibu, ifungueni. Mlio jikoni au njiani kwenda kazini, sikilizeni tu, maana habari hii mnaijua.

Yesu alikuwa nyumbani huko Kapernaumu, na watu wakajaa hata mlangoni pakakosa nafasi. Wakaja watu wanne wamembeba mtu aliyepooza. Walipoona hakuna njia, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamteremsha mgonjwa pamoja na godoro lake mpaka mbele ya Bwana. Hapo Marko anatuambia neno la kustaajabisha: Bwana aliitazama imani yao. Mgonjwa hatusikii akisema lolote. Imani iliyoonekana siku ile ilikuwa na mikono na mabega.

Sasa, ndugu zangu, twende Industrial Area hapa Nairobi. Kila alfajiri watu hutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, wakaenda kwa miguu kusimama kwenye malango ya viwanda, wakingoja kibarua. Miongoni mwao wamo waliozaliwa Kongo, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia. Kenya imewapa hifadhi wakimbizi zaidi ya 800,000. Wengi wako Kakuma na Dadaab, lakini karibu laki moja wanaishi katika jiji hili, nao wanachota maji kwenye bomba moja nasi.

Fikirini mama mmoja wa namna hiyo. Ametoka Bukavu. Mtoto wake wa miaka mitatu anapumua kwa shida tangu usiku. Hospitali ipo, daktari yupo, na dawa ipo. Lakini mlango umejaa. Meza ya kwanza anaulizwa kama ameandikishwa. Meza ya pili anaulizwa cheti cha mtoto. Kiswahili chake ni cha Kongo, naye anaogopa kukisema wasije wakamcheka. Anamfunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani kujaribu majani na maji ya moto. Mtoto huyu amekosa watu wa kumbeba.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi tunaiita SHA. Imeshika mahali pa NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mkimbizi anayetambuliwa na serikali anaweza kujiandikisha kwa kitambulisho chake cha mkimbizi, na watoto wake wakaandikwa pamoja naye. Wala jambo hili si geni: katika siku za NHIF, shirika la UNHCR lilizilipia baadhi ya familia za wakimbizi mjini. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema juu ya haki ya kila mtoto kupata jina na matibabu. Neno ni kila mtoto. Na kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Basi mlango upo, lakini wengi hawaufikii peke yao.

Je, sisi Wakristo tufanye nini? Nitataja mambo matatu, nayo si makubwa.

Kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Kenya huandikishwa Kenya, hata kama wazazi wake ni wageni. Cheti hicho hakimfanyi kuwa raia, wala hakimletei mzazi mashtaka; kinasema tu kwamba mtoto huyu alizaliwa, siku fulani, mahali fulani, na mama yake ni fulani. Sheria inataka jambo hili lifanywe katika miezi sita ya kwanza. Ikipita, cheti bado hupatikana, lakini safari inakuwa ndefu zaidi. Kwa hiyo, mama jirani akijifungua, mpelekee uji, na unapompa uji muulize pia: ile karatasi uliyopewa hospitalini iko wapi? Itunzeni. Nitakusindikiza.

Pili ni kuandikishwa kwenyewe. Hakulipiwi hata senti, na mtu akikudai pesa ya kukuandikisha, huyo ni tapeli. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba hufanya kazi hii; waleteni kwa jirani. Kwa yule ambaye karatasi zake za ukimbizi hazijakamilika, safari ianzie kwenye Idara ya Huduma za Wakimbizi. Aliyeandikishwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vilivyo katika mpango huo. Na chanjo za watoto katika kliniki za serikali ni bure. Mama asingoje kadi ndipo ampeleke mtoto kuchanjwa.

Tatu ni mchango, na hapa ndipo wengi huanguka. Kuandikishwa peke yake hakutoshi mtoto akilazwa katika hospitali kubwa. Ni lazima mchango wa nyumba uwe umelipwa. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa wasio na mshahara hutakiwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Kwa mtu wa kibarua fedha hizo ni mlima. Lakini lile godoro lilikuwa na pembe nne. Watu wanne wakishika kila mmoja pembe yake, ni shilingi 75 kwa mwezi. Jumuiya ngapi, vyama vingapi vya akina mama, vikundi vingapi vya vijana katika mitaa yetu vinaweza kushika pembe moja?

Najua kuna anayenung'unika sasa hivi. Anasema: Mchungaji, wako watoto wetu wenyewe wasio na bima, mbona unatuambia habari za wageni? Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na ukimjua mtoto wa Mkenya asiye na bima, shika pembe ya godoro lake leo hii. Lakini someni Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi, mistari ya 18 na 19. Mungu anawataja yatima, mjane na mgeni kwa pumzi moja, wala hatuambii tuchague mmoja. Na surua inapoingia katika ploti hauliza mtu ni wa kabila gani.

Tena tujikumbuke sisi wenyewe. Makongeni, Kaloleni, Maringo, Jericho: ni nani aliyekuwa mwenyeji huko? Babu zetu walitoka mashambani kuja kufanya kazi ya reli na ya viwanda. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walivishwa kipande shingoni, karatasi iliyotiwa ndani ya kibweta cha chuma, ili serikali ya wakoloni ijue waendako na wamtumikiaye. Wazee wetu walijifunza kuiogopa karatasi. Mgeni wa leo naye anaiogopa, kwa sababu huko alikotoka aliyeandikwa jina huenda aliandikwa ili auawe. Ndiyo maana hatutoshi kumwambia, nenda ukajiandikishe. Inatupasa kusema, twende. Karatasi ile ile iliyomtisha inaweza kuwa mlango mtu anayemwamini akisimama kando yake.

Luka anatuambia kwamba Mariamu alikwenda Bethlehemu kwa ajili ya kuandikwa, akiwa na mimba ya Bwana wetu, na Mathayo anaeleza jinsi familia hiyo ilivyokimbilia Misri. Bwana tunayemwabudu alikuwa mtoto wa foleni na mtoto wa ukimbizini. Wiki hii, basi, tafuta mtoto mmoja katika ploti yenu. Ulizia cheti chake. Ulizia kama ameandikishwa. Usingoje augue, maana saa sita ya usiku si saa ya kutafuta karatasi.

Na tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima na mlinzi wa mgeni, wabariki watoto wa mitaa yetu, walio wenyeji na walio wageni. Utupe mabega ya kubeba, miguu ya kusindikiza, na moyo usiochoka mlango ukijaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.