Paswedi Ndefu, Diski Wazi

Nimepewa dakika tano tu, naenda moja kwa moja.

Mwaka jana kompyuta yangu iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi. Jamaa akafungua mfuniko, akatoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake. Muda si mrefu mafaili yangu yote yako mbele yetu: noti za sheria ya ushahidi, picha za nyumbani, na orodha ya mawakala wetu wa kura wa kata nzima, majina na namba za simu. Paswedi hakuniuliza hata mara moja. Na nilikuwa naringia paswedi yangu jinsi ilivyo ndefu!

Yule fundi ni muungwana. Je, angekuwa mwizi? Angekuwa mtu anayetaka kuwatisha mawakala wale usiku wa kuamkia uchaguzi?

Paswedi ya Windows inalinda mlango. Anayetoa diski amepita dirishani. Dirisha linazibwa kwa kuisimba diski, yaani data inavurugwa isisomeke bila ufunguo. Kwenye Windows Pro kazi hiyo inafanywa na BitLocker, kwenye Mac ni FileVault. Baadhi ya kompyuta zenye Windows Home nazo zina kinga ya namna hiyo, angalieni kwenye mipangilio. Ufunguo wa akiba wa BitLocker una tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, ukae nyumbani, siyo kwenye begi la kompyuta (msicheke, nimeona).

Paswedi yenyewe bado inahitajika. Maneno manne matano yasiyohusiana, siyo jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Ukinyanyuka kufuata chai, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.

Sasa sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuagiza kompyuta ipekuliwe na kukamatwa. Kwangu mimi ni mamlaka makubwa mno bila hakimu, ila hiyo ni mada ya siku nyingine. Kifungu cha 22 nacho kinasema kufuta data kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa. Kwa hiyo usisubiri siku wanagonga hodi ndo uanze kuhangaika. Siku hiyo usiguse kitu, dai risiti ya walichochukua, mpigie wakili.

Aliyekuja na kompyuta tukutane pale nyuma baada ya maswali. Njooni na chaja, kusimba diski kunachukua muda.